Rottweiler: Kutoka Buchani Hadi Lindoni

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mpita njia hawezi kwenda mbali katika mitaa ya nyumba kubwa pasipo kukutana na kibao kilichotundikwa langoni, chenye maneno mawili tu: "Mbwa Mkali". Maneno hayo ni machache, lakini yana uzito wa amri. Mwizi huyasoma akapita, na mgeni mwema huyasoma akasimama mbali na kupiga hodi kwa sauti kubwa. Hata hivyo, kibao hicho hakisemi jambo moja ambalo sisi tuliokabidhiwa silaha kwa mujibu wa sheria tungependa kulijua kabla ya mengine yote. Je, mbwa huyo mkali anamtii nani?

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Miongoni mwa jamii nyingi za mbwa wa ulinzi zilizopo duniani tumeichagua moja, nayo ni ile ya Rottweiler, mbwa mweusi mwenye kifua kipana na taya nene, ambaye siku hizi anaonekana pia nyuma ya malango ya miji yetu. Tumemchagua kwa sababu historia yake ni ndefu, nguvu zake hazina ubishi, na sifa yake imechafuka katika nchi kadhaa kiasi cha kuwafanya baadhi ya watu waamini kwamba alizaliwa ili aue. Tutaona kwamba sivyo. Wahenga walisema kuwa mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Hawakusema kwamba mbwa ni mkali kwa sababu ya rangi yake, au kwa sababu ya nchi alikotoka. Walimtazama kwanza yule aliyemfuga.

MJI WA VIGAE VYEKUNDU

Kusini-magharibi mwa Ujerumani, kando ya mto Neckar, upo mji mdogo uitwao Rottweil. Warumi waliuanzisha wapata mwaka 73 baada ya Kristo wakauita Arae Flaviae, na leo unahesabiwa kuwa mji mkongwe kuliko yote katika jimbo la Baden-Württemberg. Inasimuliwa kwamba jina la sasa lilitokana na vigae vyekundu vya majengo ya Kirumi, ambavyo wenyeji walivikuta ardhini karne kadhaa baada ya Warumi wenyewe kuondoka.

Majeshi ya Kirumi hayakuwa na nyama ya makopo, wala hayakuwa na malori yenye majokofu. Ikiwa askari alitakiwa apate nyama safarini, basi nyama hiyo ilipaswa itembee kwa miguu yake yenyewe nyuma ya kikosi. Ng'ombe waliswagwa kwa mwendo wa siku nyingi, mchana wakizuiwa wasitawanyike, na usiku wakilindwa dhidi ya wezi na wanyama wa mwitu. Kazi hiyo ilihitaji mbwa wenye miguu ya kustahimili safari na moyo wa kusimama mbele ya fahali. Wajuzi wa jamii za mbwa hueleza kwamba mbwa hao waswagaji walivuka milima ya Alps pamoja na majeshi, wakachanganyika na mbwa wa wenyeji wa upande wa kaskazini, na kwamba katika uzao huo ndimo ilimo asili ya Rottweiler.

Yafaa ndugu zetu wa idara za ugavi walifurahie jambo hili. Mbwa ambaye leo hii watu humdhania kuwa alizaliwa kwa ajili ya kushambulia, alianza utumishi wake upande wa chakula cha askari.

FEDHA SHINGONI MWA MBWA

Warumi walipoondoka, mji ulibaki, na katika karne zilizofuata Rottweil ukawa mahali mashuhuri pa biashara ya mifugo. Wanunuzi wa ng'ombe na wachinjaji walikutana hapo, nao wakamwona mbwa huyu kuwa mshirika wa lazima katika kazi yao. Ndipo akapata jina ambalo Wajerumani walilitumia kwa muda mrefu, yaani mbwa wa mchinjaji wa Rottweil.

Kazi zake zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kuswaga ng'ombe kutoka mashambani hadi sokoni, na kutoka sokoni hadi machinjioni. Ya pili ilikuwa kukokota mikokoteni midogo ya nyama na bidhaa nyinginezo, kwani si kila mchinjaji aliyekuwa na uwezo wa kufuga farasi. Ya tatu ilikuwa kumlinda bwana wake pamoja na mali yake. Inasimuliwa kwamba mchinjaji aliyekuwa akirejea kutoka sokoni na fedha za mauzo alizifunga shingoni mwa mbwa wake, akijua kwamba hapakuwa na mnyang'anyi ambaye angethubutu kuupeleka mkono wake mahali hapo.

Katika kazi hizo tatu, ile ya kwanza ndiyo iliyomfundisha mbwa huyu adabu kuliko zote. Ng'ombe wa kuchinjwa ni mali. Mbwa mwoga asingeweza kumsogeza fahali hata hatua moja, lakini mbwa mwenye pupa ya kuuma angemharibu, na ng'ombe aliyeraruliwa miguu au kukimbizwa hovyo hupungua uzito na thamani kabla hajafika sokoni. Mchinjaji hakumhitaji mwoga wala mwenye pupa. Alimtaka mbwa ambaye angesukuma kwa kifua, akatisha kwa sauti, akauma pale tu palipokuwa hapana budi, na akaacha mara tu alipoambiwa aache. Mbwa walioshindwa masharti hayo hawakuendelezwa uzao wao. Hivyo, kizazi baada ya kizazi, kazi yenyewe ndiyo iliyochuja nani azae na nani asizae.

RELI YAMTOA KAZINI

Katika karne ya 19 mambo yaligeuka. Reli zilijengwa kotekote Ujerumani, na ile ya bonde la juu la Neckar ikaufikia mji wa Rottweil mwaka 1868. Ng'ombe ambao zamani walitembea siku nyingi barabarani, sasa walipakiwa katika mabehewa na kushushwa mlangoni mwa soko. Kuswaga makundi ya ng'ombe katika barabara kuu kukapigwa marufuku. Hata mkokoteni wake mbwa akanyang'anywa, ukapewa punda.

Mnyama anayefugwa kwa ajili ya kazi, kazi yake ikiisha, huwa katika hatari ya kutoweka. Inaelezwa kwamba katika maonyesho ya mbwa yaliyofanyika katika mji wa Heilbronn mwaka 1882, aliletwa Rottweiler mmoja tu, naye hakuwa wa kuvutia. Mbwa aliyewalinda wachinjaji kwa mamia ya miaka alikuwa amebaki kama mzee wa kikosi kilichovunjwa, ambaye hapana tena anayemwita kazini.

POLISI WAMWITA

Wokovu wake ulitoka mahali ambapo wachinjaji hawakupatazamia. Mwaka 1899 polisi wa mji wa Ghent, nchini Ubelgiji, walianzisha huduma ya mbwa wa doria iliyokuwa na mpango maalumu, ili askari wa zamu ya usiku asitembee peke yake katika vichochoro. Habari za mafanikio yao zilienea, na miji ya Ujerumani ikaanza kutafuta mbwa wanaofaa kwa kazi hiyo. Mwaka huohuo wa 1899 wapenzi wa Rottweiler waliunda chama kilichomhudumia yeye pamoja na jamii nyingine iitwayo Leonberger, na mwaka 1901 ikaandikwa kanuni ya kwanza iliyoeleza umbo na tabia anazopaswa kuwa nazo Rottweiler halisi.

Polisi walipowajaribu mbwa hao, walikuta ndani yao zile tabia ambazo wachinjaji walikuwa wamezijenga kwa karne nyingi: uthabiti mbele ya mkubwa kuliko wewe, subira, na utii kwa mtu mmoja. Umati wa walevi wanaopigana gatini una tofauti gani kubwa na kundi la mafahali waliotaharuki? Pande zote mbili panatakiwa nguvu ambayo kuonekana kwake tu kunatosha kutuliza, na ambayo haitumiki kupita kiasi. Mwaka 1910 Rottweiler alikubaliwa rasmi nchini Ujerumani kuwa mbwa wa polisi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Ujerumani ilipeleka maelfu ya mbwa wa jamii mbalimbali katika medani, na Rottweiler walikuwa miongoni mwao. Mbwa wa vita hivyo walibeba barua kati ya mahandaki, walilinda maghala, na walitafuta majeruhi. Baada ya vita, vyama vya Rottweiler ambavyo vilikuwa vikishindana viliungana mwezi wa Agosti 1921 na kuunda chama kimoja cha Ujerumani nzima, kijulikanacho kwa kifupi kama ADRK, ambacho kipo hadi leo. Chama hicho kilijiwekea msingi mmoja usiotikisika, kwamba kuzalisha Rottweiler maana yake ni kuzalisha mbwa wa kazi. Kwa sababu hiyo, mbwa haruhusiwi kuzaa chini ya chama hicho mpaka apigwe picha za eksirei kuonyesha kwamba viungo vya nyonga yake ni vizima, na mpaka apite mtihani wa tabia unaothibitisha kwamba si mwoga wala si mwenye kushambulia bila sababu.

UMBO NA TABIA

Kwa mujibu wa kanuni inayofuatwa kimataifa, dume la Rottweiler lina kimo cha sentimeta 61 hadi 68 kipimwacho begani, na uzito wa kilo 50 hivi. Jike lina kimo cha sentimeta 56 hadi 63, na uzito wa kilo 42 hivi. Manyoya yake ni mafupi na meusi, yenye mabaka ya rangi ya kahawia iliyoiva mashavuni, juu ya macho, kifuani na miguuni. Zamani mkia wake ulikatwa angali mchanga. Ujerumani ilipiga marufuku ukataji huo mwaka 1998, na leo kanuni inataka mkia ubaki kama ulivyoumbwa.

Kuhusu tabia, kanuni hiyo inasema mambo ambayo huenda yakamshangaza msomaji wetu. Inamtaka Rottweiler awe mpole katika asili yake, mpenda watoto, mtiifu, mwenye hamu ya kazi, mwenye kujiamini na asiye na hofu. Ukali hautajwi kama sifa ya kutafutwa. Walioandika walijua kwamba mbwa mwenye kilo 50 za misuli hahitaji kuongezewa hasira. Anachohitaji ni utulivu wa kuzibeba nguvu hizo.

Aidha, wanaomfahamu husema kwamba Rottweiler habweki ovyo. Hupenda kutazama kwanza. Mgeni akiingia, mbwa huyu husimama, akampima, na kisha hutazama bwana wake amempokeaje. Tabia hiyo ni njema kwa mlinzi, lakini ina hatari kwa asiyeielewa. Mtu aliyezoea kuonywa kwa kelele huenda akakipuuza kimya cha Rottweiler, na kumbe kimya hicho ndicho onyo lenyewe.

MTIHANI WA KUACHIA

Katika Ujerumani ulianzishwa, mwanzoni mwa karne iliyopita, mtihani wa mbwa wa ulinzi ambao sasa umeenea duniani. Mtihani huo una sehemu tatu, na kila sehemu ina alama 100. Katika sehemu ya kwanza mbwa hufuata nyayo za mtu aliyepita. Katika ya pili hupimwa utii wake: kutembea ubavuni mwa mwongozaji, kukaa, kulala, kuleta kitu, kuruka kizuizi. Katika ya tatu hupimwa ulinzi.

Sehemu hii ya tatu ndiyo ambayo tungependa kila askari aielewe. Katika daraja la juu, uwanjani huwekwa maficho sita, na katika ficho la mwisho hujificha mtu aliyevaa mkono mnene wa kujikinga. Mbwa huamriwa ayapekue maficho yote. Akimkuta mtu yule amesimama kimya, ni lazima ambwekee na kumzuia asiondoke, lakini haruhusiwi kumuuma. Mtu huyo akijaribu kutoroka, au akimshambulia mbwa au mwongozaji, hapo mbwa hana budi kumkamata kwa nguvu zake zote. Na mtu akisimama tena, mwongozaji hutoa amri moja, na mbwa sharti aachie.

Huo ndio moyo wa mtihani wote. Mbwa anayekataa kuachia baada ya kurudiwa amri huondolewa mashindanoni, hata kama amefuata nyayo vizuri kuliko wote na ameshika kwa ushujaa kuliko wote. Waamuzi hawamwonei. Wanafahamu kwamba meno yasiyosikia amri ya kukoma ni hatari kwa mhalifu, kwa mwananchi aliyesimama kando, na kwa askari mwenyewe.

Nasi tuliopita katika vyuo vya kijeshi twalijua somo hilo kwa jina lingine. Kuruta hufundishwa kulenga na kupiga, lakini halikadhalika hufundishwa kusitisha ufyatuaji mara asikiapo amri. Askari asiyejua kusitisha hahesabiwi kuwa shujaa. Huhesabiwa kuwa ajali inayongoja siku yake.

NGUVU ZILIPOKOSA MKUBWA

Historia ya karibuni ya Rottweiler inatuonyesha yanayotokea masharti hayo yanapoachwa. Mwaka 1976 ilitolewa sinema moja ya kutisha, The Omen, iliyowaonyesha Rottweiler kama walinzi wa ibilisi, na wengi waliokuwa hawajamwona mbwa huyo wakamfahamu kwa sura hiyo. La ajabu ni kwamba sifa mbaya haikuwafukuza wanunuzi, bali iliwaita. Walijitokeza watu waliomtaka mbwa huyu kwa sababu anatisha. Katikati ya miaka ya 1990, Rottweiler alishika nafasi ya pili kwa wingi miongoni mwa jamii za mbwa zilizoandikishwa katika chama kikuu cha mbwa cha Marekani.

Soko linapokuwa kubwa kiasi hicho, wafanyabiashara hawangojei mitihani. Mbwa waoga na wenye hasira walizalishwa pamoja na wazuri, na watoto wao wakauzwa kwa watu waliowafunga minyororo nyuma ya nyumba, bila kuwafundisha lolote. Matokeo yake yaliandikwa kwa damu. Mwaka 2000 walichapisha watafiti wa Marekani uchunguzi wao kuhusu watu waliouawa na mbwa nchini humo kuanzia mwaka 1979 hadi 1998. Katika vifo 238 ambavyo jamii ya mbwa aliyehusika ilijulikana, zaidi ya nusu vilihusishwa na mbwa wa aina ya pit bull na Rottweiler, na katika miaka ya katikati ya 1990 Rottweiler ndiye aliyetajwa mara nyingi zaidi. Wengi wa waliokufa kwa meno ya mbwa katika miaka hiyo walikuwa watoto.

Hatutaki kulifunika jambo hilo kwa maneno matamu. Hata hivyo, watafiti haohao waliona kwamba jamii zisizopungua 25 zilihusika, na kwamba jamii inayoongoza hubadilika kadiri watu wanavyobadili mbwa wanaowapenda. Mbwa aliyekuwa akiishi na watoto wa mchinjaji, akilala katika kizingiti cha nyumba yao, hakubadilika kwa sababu ya kuvuka bahari. Kilichokatika ni ule mnyororo wa kazi, uteuzi na mafunzo uliomuunganisha na mtu anayewajibika.

SHERIA YAMTAZAMA MWENYE KAMBA

Serikali mbalimbali zimelishughulikia jambo hili kwa njia zake. Ireland, kwa kanuni za mwaka 1998, inataka Rottweiler anapokuwa mahali pa watu wote afungwe mdomo, aongozwe na mtu mwenye umri unaozidi miaka 16 aliye na uwezo wa kumzuia, na kamba yake iwe imara na isizidi mita 2. Huko Ujerumani alikozaliwa, jimbo la Nordrhein-Westfalen lilimwingiza mwaka 2002 katika orodha ya mbwa ambao mwenye kuwafuga ni lazima apate kibali. Uingereza haikumtia katika jamii nne zilizotajwa na sheria yake ya mwaka 1991, lakini sheria hiyo ilifanya kuwa ni kosa kwa mtu yeyote kumwachia mbwa, wa jamii yoyote ile, awe hatari mahali pa watu wote. Marekebisho ya mwaka 2014 yakalipeleka kosa hilo hadi ndani ya nyumba na viwanja vya watu binafsi katika England na Wales.

Sheria hizo zinatofautiana, lakini zote zinamtazama mtu. Mbwa hawezi kupandishwa kizimbani akajibu mashtaka. Hajui tofauti kati ya mwizi aliyeruka ukuta na mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake. Tofauti hiyo anaijua aliyeshika kamba, na ndiyo maana lawama zote humrudia yeye.

MAWAIDHA KWA ASKARI

Kwa ndugu zetu waliopangiwa kazi ya kuongoza mbwa, tuna machache ya kusisitiza. Rottweiler hukua haraka na huwa mzito, kwa hiyo kijibwa kisilazimishwe kuruka vizuizi virefu kabla mifupa yake haijakomaa. Aidha, jamii hii huathiriwa kwa urahisi na ugonjwa wa kuhara damu uletwao na kirusi cha parvo, kilichogunduliwa mwaka 1978, basi chanjo zake zisicheleweshwe. Katika joto la nchi zetu, mwili wake mweusi na mnene huchemka upesi. Afanye kazi asubuhi na jioni, apate kivuli na maji safi, na asiachwe kamwe ndani ya gari lililofungwa. Tena umri wake ni mfupi, kwani wengi hufariki katika umri wa miaka tisa au kumi, hivyo kila mwaka wa utumishi wake ni mkubwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni wajibu usio na mjadala. Karibu watu wote wanaopatwa na ugonjwa huo duniani huambukizwa na mbwa, na dalili zikishaonekana, mgonjwa hawezi kutegemea kupona. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali akapate chanjo bila kungoja kuona yatakayotokea.

Nao askari wanaofika katika nyumba za watu kwa upekuzi au kupeleka hati, wamwite kwanza mwenye nyumba na kumwamuru amfunge mbwa wake kabla lango halijafunguliwa. Akitokea mbwa amelegezwa, askari asikimbie, asimkazie macho, wala asipige kelele. Asimame wima, mikono ikiwa chini, arudi nyuma polepole huku akimwita mwenyewe.

Zaidi ya hayo yote, mwongozaji amfahamu mbwa wake. Mafunzo ya kipigo humtoa mbwa mwenye hofu, na hofu ikikaa ndani ya kilo 50 ni baruti. Mbwa apewe amri moja kwa neno moja, asifiwe anapotii, azuiwe anapokosea, na arudie zoezi la kuachia kila siku mpaka liwe kama pumzi. Koplo anayemfundisha mbwa wake kushika, na kuliahirisha somo la kuachia hadi wiki ijayo, amekwisha kuwa na mbwa nusu. Wahenga walitwambia kwamba umleavyo ndivyo akuavyo.

Tulianza kwa kuuliza juu ya kibao cha langoni. Mchinjaji wa Rottweil hakuhitaji kibao, kwa sababu mji mzima ulimjua yeye na ulimjua mbwa wake, na ulijua kwamba neno lake moja lingetosha kumsimamisha. Raia anapomwona askari akipita na mbwa, au akipita na bunduki, hutazama kwanza ukubwa wa meno na urefu wa mtutu. Ni wajibu wetu, kwa mwenendo wetu wa kila siku, kumfanya raia huyo awe na hakika kwamba nguvu hizo zina mkubwa anayeziamuru, na kwamba mkubwa huyo anajua kusema basi.